Kikundi cha akina mama wa dagaa Ilemela: mkopo wa halmashauri, vichanja na nafasi kwenye BMU, naombeni ushauri

MamaMwaloni

Wakuu na akina mama wa humu, habari za majukumu.

Tuko wanawake 14 kwenye mwalo mmoja (ufukwe wa kushushia samaki) wa Ilemela, Mwanza, upande wa kwenda Kayenze. Tunanunua dagaa mbichi mtumbwini alfajiri, tunaanika, kisha tunawauzia wachuuzi wanaopeleka soko la Kirumba. Giza likiwa zuri, yaani usiku usio na mbalamwezi, sote kwa pamoja tunafikisha ndoo 30 kwa siku, zile za lita 20. Tunaanika mchangani, kwa hiyo wachuuzi wanatukata bei kwa sababu ya mchanga, na mvua ikinyesha saa nane mchana mzigo unaishia kuwa chakula cha kuku.

Naomba ushauri kwa haya. Mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri tunaupataje bila kuzungushwa? Vichanja (zile meza za wavu za kuanikia) vingapi vinatosha ndoo 30, na vinajengwaje? Wengine kikundini wanataka hela ikitoka tununue mtumbwi wetu, ni wazo zuri?

Halafu kuna hili zito zaidi. Dagaa wakiwa wachache, ndoo zinakwenda kwa wenye "mazoea" na mwenye chombo au mabaria (wavuvi wanaofanya kazi mtumbwini), na kila mtu mwaloni anajua mazoea hayo ni nini. Uchaguzi wa BMU, kile kikundi kinachosimamia uvuvi mwaloni, unakuja. Kwenye kamati ya sasa mwanamke ni mmoja tu na kazi yake ni kuandaa chai. Tufanye nini?

La mwisho ni afya. Wawili wetu wanaanikia tajiri kwa malipo ya ndoo. Mmoja ni mjamzito, na ameshaambiwa akienda kujifungua nafasi yake anapewa mwingine. Na karibu wote tunashinda ndani ya maji tukiosha dagaa, matumbo yanatusumbua.

---

FundiKichanja

Dada, naanza na vichanja maana hesabu yake ni nyepesi, na wengi wanaikosea.

Ndoo ya lita 20 ya dagaa mbichi ina kama kilo 18. Dagaa wakitandazwa tabaka moja, bila kulaliana, meta moja ya mraba inabeba kilo 2 mpaka 2.5. Kwa hiyo ndoo moja inataka meta 7 hadi 9 za mraba. Kichanja cha urefu wa meta 10 na upana wa meta 1.2 kina meta 12 za mraba, yaani kinabeba ndoo moja na nusu, siyo zaidi. Ndoo 30 zitahitaji vichanja 20 mpaka 23. Msijenge vyote kwa mkupuo. Anzeni na 6, vipokee ndoo 9, mjifunze makosa yenu kwenye hivyo kwanza.

Upana usizidi meta 1.2. Ukiweka meta 2 mikono haifiki katikati, dagaa wa katikati hawageuzwi, wanaoza huku wa pembeni wamekauka. Kimo kiwe meta 1 kutoka ardhini: kuku na mbwa hawafiki, hewa inapita chini, na mgongo haupindi.

Vifaa vya kichanja kimoja: nguzo 12 za mirunda, kila moja meta 1.5, sentimeta 50 ziingie ardhini. Zinasimama sita kila upande, kila baada ya meta 2. Juu yake mirunda mirefu miwili ya meta 10 (ikiwa mifupi iungwe juu ya nguzo, isiungwe hewani). Kisha fito za kukatiza, 11, moja kila meta 1. Juu ya fito tandika wavu wa kuku uliovutwa ukakaza, na juu ya wavu wa kuku ndipo uje wavu laini wa matundu madogo. Huo wavu wa kuku watu wanauruka kubana gharama. Matokeo yake wavu laini unabonyea kila katikati ya fito mbili, dagaa wanajikusanya kwenye bonde, wanagandana na kuchacha.

Oili chafu pakeni kwenye sehemu ya nguzo inayoingia ardhini tu, kwa ajili ya mchwa. Isifike juu. Na tafadhali sana, msitumie chandarua chenye dawa. Kile kimetiwa sumu ya wadudu, na hao dagaa ni chakula cha watoto.

Kabla ya kuanika, osheni kwa maji safi yenye chumvi: gramu 600 kwa ndoo ya maji lita 20, waloweke dakika 15, wachuje ndipo waanikwe. Geuzeni kila baada ya saa mbili. Turubai liwe karibu na kila kichanja, lakini jioni msifunike dagaa wakiwa bado na joto la jua. Wakifunikwa wa moto wanatoa jasho usiku, asubuhi mnakuta ukungu. Waacheni wapoe kwanza.

---

MamaMwaloni

Asante sana kaka. Swali la haraka: tutajuaje wamekauka kweli? Wachuuzi kila siku wanasema "bado mabichi haya" ili washushe bei.

---

FundiKichanja

Tumia mzani, usitumie macho. Dagaa mbichi karibu robo tatu yake ni maji, wakati mwingine zaidi. Chukua kilo 4 za mbichi waliochujwa, uwaweke kwenye chekecheke lao peke yao juu ya kichanja kilekile. Wapime mchana, wapime jioni. Wakifika kilo 1 au 1.1, mzigo wote wa siku hiyo uko tayari. Mchuuzi akibisha, mpimie mbele yake. Jua kali likiwaka inachukua siku moja hadi moja na nusu. Masika, Machi mpaka Mei, hesabuni siku mbili au tatu, na mpunguze ndoo mnazonunua.

Stoo, magunia yakae juu ya mbao, sentimeta 15 kutoka sakafuni, yasiguse ukuta. Na msipulizie dawa ya wadudu kwenye dagaa hata mdudu akiingia. Waanikeni upya.

Jambo moja la eneo: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mkimwaga zege ndani ya meta 60, siku wakija watu wa mazingira mnabomolewa na deni linabaki. Pateni eneo nje ya hapo kwa barua ya mtaa, au muulize bwana mazingira wa manispaa kuhusu vichanja vya kuhamishika.

---

Nyanza_Kwetu

Kwenye mkopo hakikisheni mko 10 au zaidi, chini ya hapo hamfikiriwi.

---

DawatiLaVikundi

@Nyanza_Kwetu hiyo ilikuwa kanuni ya 2019. Kanuni zilirekebishwa 2021, idadi ikashuka mpaka 5. Hawa 14 hawana tatizo, ila nitasema chini kwa nini 14 huenda ni wengi.

MamaMwaloni, shika msingi huu kwanza. Mkopo huu siyo hisani ya diwani. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ilirekebishwa 2018, ikaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hauna riba. Ulisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya ubadhirifu na vikundi hewa, ukarudi 2024 na utaratibu mpya. Ndiyo maana sasa ukaguzi ni mkali kuliko zamani, na mtu anayewaambia "leteni kitu kidogo niwasukumie faili" anawadanganya.

Mlango wenu ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Mpelekeeni katiba ya kikundi, muhtasari wa mkutano uliokiunda wenye majina na saini za wote, na namba za NIDA. Kikundi kikishasajiliwa, fungueni akaunti ya benki kwa jina lilelile la kwenye cheti, herufi kwa herufi. Vikundi vingi vinakwama hapa: cheti kinasema "Tupendane Dagaa", benki inasema "Tupendane Dagaa Group", mfumo unakataa, mnapoteza miezi. Maombi yenyewe yanaingizwa kwenye mfumo wa kielektroniki. Kata yenu itawasaidia kuingiza, lakini nywila ibaki kwa katibu wenu.

Sasa andiko la mradi. Maandiko mengi ya dagaa yanaandikwa kana kwamba dagaa wanavuliwa siku 30 za mwezi. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazivuti dagaa, mitumbwi inalala, kama siku 10 hivi kila mwezi. Andiko likisema mtazalisha siku 30, rejesho litapangwa kwa siku 30, na mwezi wa pili tu mmeshachelewa. Andikeni siku 18 za kazi. Ombeni muda wa kuanza kurejesha uendane na kumaliza vichanja, na tarehe ya rejesho iangukie mwisho wa giza, siyo katikati ya mbalamwezi.

Mtaji wa mzunguko msiusahau, wengi wanamaliza hela yote kwenye miundombinu halafu hawana ya kununulia ndoo ya kwanza. Hesabu yake: ndoo kwa siku, mara bei ya ndoo, mara siku ambazo hela inakuwa nje kabla haijarudi. Mkinunua Jumatatu, mkaanika mpaka Jumanne, mkauza Jumatano na mchuuzi akalipa Alhamisi, hela yenu iko nje siku 4. Tuseme ndoo ni 25,000 na mnanunua 9: 9 mara 25,000 mara 4 ni 900,000. Hiyo ndiyo isiyoguswa. Weka bei yenu ya kweli hapo.

Kuhusu 14: deni ni la kikundi chote. Mmoja akikimbia, 13 mnalipa. Ingieni tu wale ambao kila mmoja yuko tayari kumlipia mwenzake. Na wekeni kwenye katiba kwamba hela inatoka benki kwa saini tatu, na simu inayopokea ujumbe wa benki ikae kwa mwanachama mwenyewe, siyo kwa mume wa mwanachama. Nasema hivi bila kumvunjia heshima mume wa mtu. Mwanamke ambaye ujumbe wa hela yake unasomwa na mwingine hana mtaji, ana jina tu kwenye karatasi.

Mkiwa mnakopeshana wenyewe kwa riba pia, hiyo ni habari nyingine. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitaka vikundi hivyo vijisajili daraja la nne, wanachama 10 mpaka 50, na usajili unapitia halmashauri hiyohiyo.

---

BariaMstaafu

Naongelea mtumbwi. Shikamooni akina mama.

Nawaelewa kwa nini mnautaka. Mwenye chombo ndiye anayesema nani apate ndoo. Mwanamke akiwa mwenye chombo, yale mazoea yanakufa kwenye mtumbwi huo siku hiyohiyo. Wazo ni zuri. Ila kwa mkopo wa kwanza, hapana.

Mtumbwi wa dagaa haununuliwi peke yake. Una wavu, mashine, taa na betri zake, petroli ya kila usiku, leseni ya chombo, leseni ya kila mvuvi, maboya ya kujiokolea na chakula cha mabaria. Dagaa wakikosekana usiku mmoja, petroli imekwenda na hakuna kilichorudi. Kichanja kikikosa dagaa usiku mmoja kinakusubiri bila kula hata senti. Na usiku hampo mle ziwani: mabaria wanaweza kuuza nusu ya mzigo kwenye kisiwa, wakawaletea nusu na habari kwamba samaki hawakuonekana.

Fanyeni hivi badala yake. Chagueni vyombo viwili au vitatu vya watu wenye sifa njema, muandikiane mkataba wa kununua: kikundi kinachukua ndoo kadhaa kila siku ya giza, bei inafuata bei ya mwalo ya asubuhi hiyo, malipo taslimu kabla ya saa mbili asubuhi. Mwenye chombo anapenda mteja wa uhakika anayelipa papo hapo, maana anadaiwa petroli. Kinachowaumiza sasa ni kwamba kila mmoja wenu anakwenda mtumbwini peke yake na hela ya ndoo mbili, tena wengine kwa mkopo. Mtu anayeomba dagaa wa mkopo saa kumi na moja alfajiri, gizani, peke yake, ndiye anayewekewa masharti. Wapokeaji wawe wawili, wenye hela ya kikundi na daftari. Mtumbwi mje kuufikiria deni la kwanza likiisha na mkiwa na vitabu vya msimu mzima.

---

Wakili_Igoma

Nimesoma yote. Kwenye hayo mazoea sheria ina mambo mawili tofauti, msiyachanganye.

La kwanza: mtu mwenye mamlaka akidai ngono ili atoe kitu ambacho kiko chini ya mamlaka yake, hiyo ni rushwa ya ngono, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Adhabu ni faini isiyozidi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote. Hapa anaingia kiongozi wa BMU anayetoa nafasi ya kuanikia, anaingia afisa anayeshika faili la mkopo, anaingia tajiri anayetoa ajira. Piga 113, TAKUKURU, simu ni bure. Toeni taarifa kabla, wakati bado anadai, maana hapo ndipo ushahidi unapatikana. Ujumbe wa simu usifutwe hata ukikutia aibu.

La pili: mwenye mtumbwi anayeuza mali yake. Huyu ni mgumu kumbana kwa kifungu hicho, kwa sababu atasema hana mamlaka juu yako, anauza samaki wake kwa anayemtaka. Nisiwape matumaini ya uongo. Kwa huyo dawa ni aliyosema BariaMstaafu, pamoja na utaratibu wa mwalo: dagaa wauzwe sehemu moja, kwa foleni, kwa mzani. Akitumia nguvu au vitisho, hapo tena siyo biashara, ni jinai. Nendeni Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi.

Kuhusu dada mjamzito. Tajiri atasema "huyu ni wa ndoo, siyo mwajiriwa". Kulipwa kwa ndoo hakumwondolei mtu uajiriwa. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwepo hata moja ya dalili inazozitaja. Mojawapo: amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Kwa saa sita kwa siku, siku nane tu za mwezi zinatosha. Dalili nyingine ni kwamba anapangiwa saa na namna ya kufanya kazi, au anatumia vifaa vya tajiri.

Akiwa mwajiriwa mwenye zaidi ya miezi 6 kazini, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, siku 100 akijifungua pacha. Atoe taarifa miezi 3 kabla ya tarehe ya matarajio, kwa maandishi, na cheti cha kliniki. Hatakiwi kurudi kazini ndani ya wiki 6 baada ya kujifungua isipokuwa daktari aruhusu. Akirudi ana mpaka saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Na miezi 2 ya mwisho ya ujauzito asipangiwe kazi ya usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Hilo linagusa mwalo moja kwa moja, kwa sababu mapokezi ya dagaa yanaanza kabla ya saa 12.

Kumfukuza kwa sababu ya ujauzito ni kuachisha kazi isivyo haki. Malalamiko yanapelekwa CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) ndani ya siku 30 tangu aachishwe. Kwa madai mengine ni siku 60. Wengi wanapoteza haki hapa: wanakaa miezi mitatu wakisubiri tajiri apoe hasira, siku zinapita. Kuanzia leo aandike kwenye daftari kila siku: tarehe, saa aliyoingia, saa aliyotoka, ndoo alizoanika, hela aliyopewa. Malipo ayaombe kwa simu, yale ya taslimu hayana kumbukumbu.

---

Nesi_Ukerewe

Wifi zangu, tuongee matumbo.

Kwa ukanda wa ziwa hili, mtu anayeshinda majini na tumbo likamsumbua, la kwanza kufikiria ni kichocho. Kilichoenea zaidi ufukweni ni kile cha tumbo: maumivu, kuharisha, wakati mwingine damu kwenye choo, na kikikaa miaka kinaharibu ini. Kile cha mkojo kinapatikana zaidi bara, kwenye madimbwi na mashamba ya mpunga. Hicho kwa mwanamke kina upande ambao hausemwi: mayai yanaingia kwenye shingo ya kizazi na ukeni, yanaleta muwasho, uchafu, damu baada ya tendo, hata kukosa mtoto. Mara nyingi mama anatibiwa kama mwenye ugonjwa wa zinaa, anarudia dozi tatu nne za antibiotiki bila kupona, na nyumbani analaumiwa uzinzi. Kama kati yenu kuna anayelima mpunga Misungwi au Magu na ana dalili hizo, amwambie mtoa huduma wazi: "Nagusana na maji ya madimbwi, naomba nichunguzwe kichocho."

Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kilo moja ya mwili. Mama wa kilo 60 anahitaji miligramu 2,400, ambayo ni vidonge 4 vya miligramu 600. Pima uzito kwanza, msigawane vidonge kwa kukisia. Meza baada ya kula chakula cha kushiba, ukimeza na njaa utatapika na kuzunguzwa. Dawa inaua minyoo mikubwa, michanga inapona, kwa hiyo anayerudi majini kila siku anahitaji kupimwa na kutibiwa tena. Mjamzito akishavuka miezi 3 ya kwanza anaweza kutibiwa, aseme tu kliniki.

Kinga kwa kazi yenu: msioshe dagaa mkiwa mmesimama ziwani. Chota maji, jaza pipa, yaache saa 24 mpaka 48 bila konokono ndani. Vijidudu vya kichocho vikikosa mtu wa kumwingia katika muda huo vinakufa. Kwa hiyo mapipa mawili ya lita 200, moja linatumika leo, lingine linasubiri kesho. Kama lazima mtu aingie majini, alfajiri ni afadhali kuliko saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana, ndipo vijidudu vinapotoka kwa wingi. Buti za mpira na glovu ziingizwe kwenye andiko la mkopo kama vifaa vya kazi, siyo anasa.

Mjamzito asibebe ndoo iliyojaa. Kilo 18 kichwani kwenye mchanga wenye utelezi siyo mazoezi. Apewe mzani na daftari, hiyo nayo ni kazi.

Na kwa yeyote atakayelazimishwa: kituo cha afya kwanza, ndani ya saa 72, kwa ajili ya dawa za kuzuia VVU. Zinavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi. Za kuzuia mimba mwisho siku 5. Asioge, asifue nguo alizovaa. Fomu ya PF3 ya polisi ni muhimu kwa kesi, lakini matibabu ya dharura yasingoje karatasi.

---

MwaloShirikishi

Nachukua BMU, maana hapa ndipo foleni na mzani vitapatikana au vitakosekana.

Mwongozo wa pamoja wa nchi za Ziwa Victoria, uliosimamiwa na LVFO, taasisi ya uvuvi ya nchi hizo iliyoko Jinja, Uganda, unasema kamati ya BMU iwe na watu 9 mpaka 15. Wamiliki wa vyombo asilimia 30, mabaria 30, wachuuzi wa samaki 10, na wadau wengine 30, ambamo wamo wachakataji kama nyie. Kisha unasema wanawake wasiopungua 3, pale inapowezekana. Hayo maneno mawili ya mwisho ndiyo wanayojificha nyuma yake. Wanakwambia "tulitafuta wanawake hawakujitokeza". Kwa hiyo jitokezeni kwa maandishi.

Kwenye kamati ya watu 10, wadau wengine wana viti 3 na wachuuzi kiti 1. Simamisheni watu kwenye vyote vinne. Msigombee kiti kimoja nyie kwa nyie, mtagawana kura na vingine vitachukuliwa bila jasho.

Kabla ya hapo, angalieni rejesta. Anayepiga kura ni mwanachama aliyesajiliwa kwenye BMU. Mara nyingi wanawake wa kuanika hawamo kwa kuwa hawana chombo, na wao wenyewe wanaamini BMU ni ya wavuvi. Nendeni wote 14 kwa katibu wiki hii, muandikishwe kama wachakataji, na muombe kuona majina yenu kwa macho. Siku ya uchaguzi kusema "mimi niko hapa miaka kumi" hakusaidii kitu.

Ombeni kwa barua mkutano wa uchaguzi uwe siku za mbalamwezi, saa tisa alasiri. Ukiitishwa asubuhi ya giza, nyie mko kwenye vichanja na mabaria wamelala, watakaohudhuria ni wenye vyombo peke yao.

Cheo: katibu au mweka hazina. Kalamu na hela. Ujumbe wa kawaida utawarudisha kwenye chai.

Hoja zenu kwenye mkutano wa kwanza ziwe tatu, zisizidi: mzani badala ya ndoo, sehemu moja ya kupokelea dagaa yenye taa, na choo cha wanawake chenye mlango unaofungwa na maji. Hiyo taa isidharauliwe. Manunuzi yanayofanyika kwenye mwanga mbele ya watu 30 hayana kona ya kunong'onezea masharti.

Kama mnataka mafunzo ya uongozi, shirika la EMEDO wako hapahapa Mwanza na wamefanya kazi na wanawake wa mialoni kwa muda. Kipo pia chama cha wanawake wa sekta ya uvuvi, TAWFA, kilichoanzishwa 2019. Kwa ubora wa dagaa nendeni chuo cha uvuvi cha FETA, Nyegezi.

---

BintiBuchosa

Samahani mwenye uzi, naingilia. Sisi tuko kijijini, siyo manispaa. Serikali ya kijiji ina nafasi za wanawake kisheria au ni za hiari?

---

Wakili_Igoma

Za kisheria, mdogo wangu. Halmashauri ya kijiji ina watu 15 mpaka 25, na wanawake wasipungue robo. Mkiwa 24, wanawake 6. Uchaguzi wa mwisho ulikuwa 27 Novemba 2024. Nafasi ikibaki wazi ulizeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji, unaotakiwa kukaa kila miezi mitatu, na mtake swali lenu liandikwe kwenye muhtasari.

---

MamaMwaloni

Mungu awabariki wote. Nimewasomea wenzangu jioni hii. Tumekubaliana kesho saa nne tuko ofisi ya kata, na Jumatatu wote kwa katibu wa BMU kuandikishwa. Mtumbwi tumeuweka pembeni, ingawa wawili bado wananung'unika. Dada mjamzito ameanza daftari.

Swali la mwisho. Mzani: tununue ule wa kuning'iniza wa kilo 50 au wa mezani? Na mwenye chombo akisema mzani wetu umechezewa?

---

DawatiLaVikundi

Wa kuning'iniza wa kilo 100, wa saa. Wa kilo 50 ukitundika ndoo mbili pamoja na kamba unakaribia mwisho wake, spring'i inachoka mapema. Ufungwe kwenye boriti imara. Mtu akiushika mkononi, mkono unacheza na kila mmoja anasoma lake.

Kabla haujatumika upelekeni Wakala wa Vipimo ukaguliwe na kugongwa muhuri, na ukaguzi urudiwe kila mwaka. Risiti ya ukaguzi ifungwe kwenye mfuko wa nailoni, itundikwe palepale kwenye boriti. Na kila asubuhi, kabla ya ndoo ya kwanza, pimeni kitu chenye uzito unaojulikana, kwa mfano mfuko wa sementi wa kilo 50 ambao haujafunguliwa, mbele ya mabaria. Ndoo tupu nayo ipimwe kwanza, uzito wake uandikwe ubavuni kwa rangi, ili kila mara mtoe uzito wa ndoo bila kubishana.